Unaenda kupasuliwa ACL? Mwongozo wa kujua kama grafti yako imekaa mahali pake

Nafanya kazi ya fizio hapa Mombasa na wengi wanaoletwa kwangu na magoti ni wachezaji wa mtaani, vijana wa Tononoka, Kisauni, Likoni, Mikindani, na siku hizi mabinti pia wamekuwa wengi. Mtu akishapasuliwa ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti, yaani kamba inayounga mfupa wa paja na wa muundi, akaja kuanza mazoezi, swali lake la kwanza ni "dakta, narudi uwanjani lini?" na langu la kwanza ni "eksirei ya baada ya operesheni iko wapi?" Wengi hawana. Wengine hawakupigwa kabisa, wengine walipigwa lakini wakaiacha hospitali, na wengine wanayo kwa bahasha nyumbani, haijafunguliwa tangu siku ile.

Na ile eksirei ndo inakwambia jambo kubwa kushinda yote kwenye hii operesheni, yaani yale mashimo mawili ya kupitisha grafti, ile kano inayowekwa badala ya ACL iliyokatika, yametobolewa wapi. Grafti inaweza kuwa nzima, skrubu ya bei ya juu, daktari mpole, hospitali ina AC mpaka unaomba blanketi, lakini shimo likikaa milimita tano au sita mbele ya mahali pake, goti litakataa kukunjika au kunyooka, ama litaendelea kuchomoka kila ukigeuka. Mazoezi hayawezi kusogeza shimo. Nimeona kijana analaumiwa eti mvivu wa fizio kumbe mwenyewe anajiua na mazoezi na tatizo liko ndani ya mfupa.

Basi hizi ndo hatua, kuanzia siku umeumia. Sizungumzi ili ukamfundishe daktari kazi yake, nazungumza ili uende ukijua unauliza nini.

Hatua ya 1: hakikisha kwanza ni ACL

Kwa kawaida mambo huwa hivi, unakimbia, unakata kona ghafla ama unatua vibaya baada ya kuruka, mara nyingi hakuna hata aliyekugusa, unasikia "pa!" ndani ya goti, na kabla jioni haijaingia goti lote limefura. Kufura kwa haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya goti. Usilipeleke kukandwa, tafadhali, najua nyumbani kuna mtu atakwambia yupo mzee fulani mkono wake mzuri, lakini ligamenti iliyokatika haikandwi ikaunga, na kukandwa goti lenye damu kunazidisha maumivu tu.

Eksirei ya siku hiyo ni ya kuangalia kama mfupa umevunjika, ligamenti haionekani kwa eksirei. Daktari au fizio mzuri atakukunja goti kidogo tu, kama digrii 20 hadi 30, ashike paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwengine, avute muundi mbele, na alinganishe na mguu mzima. Hicho ndo kipimo cha Lachman na mikono yenye uzoefu ikikifanya kinasema mengi sana. MRI ni ya kuthibitisha na kuangalia meniskasi, ule mto wa gegedu kati ya mifupa ya goti, kama nayo imechanika. Si kila mtu mwenye ACL iliyokatika lazima apasuliwe pia, kuna watu wanaendelea na mazoezi na maisha yao yanaenda sawa, hasa kama hawachezi michezo ya kukata kona. Hilo zungumza na daktari wako bila haraka.

Hatua ya 2: elewa yale mashimo mawili

Hapa usiruke, manake ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi.

ACL ya kuzaliwa nayo ina urefu wa kama sentimita 3 tu na upana wa kama sentimita moja hivi. Inaanzia kwenye mfupa wa paja, upande wa nje wa ule uwazi ulio katikati ya goti, ukutani, nyuma kabisa. Kisha inashuka kwa mshazari ikija mbele na ndani, inajishika juu ya mfupa wa muundi, katikati, mbele kidogo. Huo mshazari ndo siri yake, ndo unaozuia muundi kuteleza mbele na pia kuzunguka ndani ukigeuka. Na ina mafungu mawili ya nyuzi, moja linakaza zaidi goti likikunjwa na la pili linakaza zaidi goti likikaribia kunyooka, kwa hiyo muda wote kuna sehemu inafanya kazi.

Daktari hawezi kuishona ile iliyokatika ikashika vizuri kwa watu wengi, kwa hiyo anachukua kano ya mahali pengine mwilini mwako, ndo hiyo grafti, anatoboa shimo moja kwenye paja na jingine kwenye muundi, anaipitisha humo na kuibana kwa skrubu au kwa kifungo cha chuma kinachokaa nje ya mfupa. Kazi nzima inategemea midomo ya yale mashimo, pale yanapofungukia ndani ya goti. Ni kama bawaba ya mlango, fundi akiipigilia kidole kimoja pembeni mlango utasugua sakafu hata mbao ikiwa ya mvule.

Sasa makosa yenyewe. Tuanze na shimo la paja kwa sababu ndo linalokosewa zaidi.

Likikaa mbele mno: ukiangalia kwa kamera kutoka mbele ya goti, kuna kituta cha mfupa kwenye ule ukuta ambacho kwa jicho lisilozoea kinaonekana kama ndo mwisho wa ukuta, daktari anadhani amefika nyuma, anatoboa pale, kumbe mahali penyewe pako nyuma ya kile kituta. Matokeo yake grafti inakaza kila ukikunja goti. Hapo kuna mawili, ama goti linagoma kukunjika, ama unalilazimisha linakunjika na grafti inavutika, ukija kunyoosha mguu unakuta imelegea.

Likikaa juu mno: grafti inasimama wima badala ya kulala mshazari. Hili lilikuwa kosa la kawaida sana enzi za kutoboa shimo la paja kwa kupitisha keekee ndani ya shimo la muundi, kwa sababu keekee inafuata njia ya lile shimo la kwanza na kufika juu karibu na paa la uwazi. Mtu huyu akipimwa Lachman goti linaweza kuonekana limeshika, akikimbia moja kwa moja hana shida, lakini akigeuka na mpira linachomoka vile vile kama zamani. Marehemu Freddie Fu wa Pittsburgh, aliyefariki 2021, alitumia miaka mingi kuwahimiza wenzake waache hiyo tabia na kurudisha grafti pale pale ilipokuwa ligamenti ya asili, na leo hiyo ndo njia inayofundishwa.

Likikaa nyuma mno: ukuta wa nyuma wa shimo unavunjika, unatakiwa ubaki mfupa wa kama milimita moja au mbili, ukivunjika skrubu haina pa kushika.

Shimo la muundi nalo, likikaa mbele mno, ukinyoosha mguu grafti inagonga paa la ule uwazi wa paja. Kila hatua inagonga. Mguu haunyooki mpaka mwisho, na grafti inasuguliwa siku zote mpaka ianze kuchakaa, wengine wanaota donge la nyama ngumu mbele ya grafti ambalo linaziba mlango kabisa. Likikaa nyuma mno grafti inarudi kuwa wima na kusukumana na ligamenti ya pili ya nyuma, ile PCL.

Kule Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa watu waliorudiwa operesheni ya ACL, unaitwa MARS, ulikuwa na wagonjwa 1,205 na madaktari 83. Walipotafuta kwa nini grafti za kwanza zilishindwa, makosa ya kiufundi yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa, na ndani ya hayo makosa shimo la paja lililokaa vibaya ndo lilikuwa juu. Na hao ni madaktari wa nchi yenye vifaa vyote. Kwa hiyo kuuliza si kumdharau mtu.

Hatua ya 3: maswali ya kumuuliza daktari kabla hujatia sahihi

Nenda na mtu, mama, kaka, mke, yeyote mwenye sikio, kwa sababu ukiwa peke yako utatoka mle ndani umesahau nusu. Andika maswali kwa simu. Salamu kwanza kama kawaida yetu, shikamoo kama ni mtu mzima, halafu uliza kwa upole lakini uliza yote. Jina lake unaweza kuliangalia kwenye orodha ya KMPDC, lile baraza la kusajili madaktari Kenya, mtandaoni kujua amesajiliwa na leseni yake iko hai.

Swali la kwanza, "shimo la paja utalitoboa kupitia wapi?" Anaweza kusema kupitia tundu dogo la mbele ya goti upande wa ndani, na hapo goti lazima alikunje sana, zaidi ya digrii 110, au atoboe kutoka nje kuja ndani, au kupitia shimo la muundi. Hizo mbili za kwanza zinampa uhuru wa kuchagua mahali. Lakini usichukulie njia kama hirizi. Wadenmaki walipoangalia rejista yao ya operesheni za 2007 hadi 2010 walikuta zile zilizopitia tundu la ndani zilirudiwa zaidi kuliko za kupitia muundi, na maelezo mojawapo waliyotoa ni kwamba madaktari walikuwa bado wanajifunza njia mpya. Mkono uliozoea ndo unaohesabika, kwa hiyo swali la pili linafuata hapo hapo.

"Dakta, hizi operesheni unafanya mara ngapi kwa mwaka?" Usione haya. Daktari anayejiamini anajibu bila kukasirika, na akikasirika nalo ni jibu.

La tatu ndo nalipenda kuliko yote: "ukiwa ndani utajuaje uko mahali pake?" Jibu zuri lina vitu vya kushikika. Atakwambia anaangalia mabaki ya ligamenti ya zamani, anatafuta kile kituta cha mfupa na kukaa nyuma yake, anahamisha kamera aangalie ukuta kutoka upande wa ndani badala ya kuchungulia kutoka mbele tu, anapima kwa rula ndogo, na bora zaidi, anapiga eksirei ya thieta wakati waya uko ndani kabla hajatoboa. Huu waya uelewe. Kabla ya keekee kubwa kuingia daktari anapitisha kwanza waya mwembamba kuonyesha njia. Waya ukikaa vibaya unachomolewa na kusogezwa, basi, hakuna hasara. Lakini likishatobolewa shimo la milimita 8 au 9, kulisogeza kwa milimita 3 ni balaa kwa sababu shimo jipya linaangukia ndani ya lile la kwanza. Dakika mbili za kuangalia waya kwa eksirei zinaweza kukuokoa operesheni nzima ya pili. Kama mashine hiyo haipo hospitali hiyo, uliza anatumia nini badala yake.

La nne ni grafti itatoka wapi. Kano za nyuma ya paja ni za kawaida, uulize wakikuta nyembamba watafanyaje, kwa sababu grafti ya chini ya milimita 8 ina hatari zaidi ya kukatika hasa kwa vijana. Kano ya mbele, ile ya chini ya pia ya goti ikiwa na vipande vya mfupa pande zote mbili, inashika vizuri sana mfupani, lakini mwambie daktari mapema kama unaswali au kazi yako ni ya kupiga magoti, kwa sababu wengi wanaochukuliwa hapo wanabaki na maumivu wakipiga goti chini, na sijda ni mara nyingi kwa siku. Nimekaa na watu waliobadilisha uamuzi kwa hilo moja, na hakuna aliyekuwa amewatajia.

Mtoto ambaye bado anarefuka ni habari nyingine kabisa, ile mistari ya ukuaji kwenye mifupa ya goti ikitobolewa ovyo mguu unaweza kukua kombo au kubaki mfupi. Mzazi, mtafute daktari anayefanya za watoto, hata kama ni kupanda SGR kwenda Nairobi.

Mwisho kabisa: "nitapata eksirei ya baada na karatasi ya operesheni?" Ajibu ndiyo mbele ya yule mliyekwenda naye. Kama unatumia SHA, ile bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini waulize mapema kama eksirei ya baada, skrubu na kile kifungo vimo, si kuja kugundua siku ya kutoka.

Hatua ya 4: goti liingie thieta likiwa tayari

Fupi tu. Uvimbe uwe umeshuka, mguu unyooke wote, ukunjike vizuri, na msuli wa mbele ya paja uwe umeamka. Ukipasuliwa goti likiwa limefura na limekakamaa utatoka nalo limekakamaa zaidi, na baadaye hatutajua ni shimo au ni ule ugumu uliokwenda nao. Wiki kadhaa za fizio kabla ni pesa iliyotumika vizuri.

Hatua ya 5: usitoke hospitali bila picha

Eksirei mbili, moja ya mbele na moja ya upande. Ile ya upande ndo yenye maneno, na lazima iwe ya upande kweli kweli, yaani vile vichwa viwili vya chini ya paja vifunikane viwe kama kimoja. Vikionekana viwili vimepishana, picha imepigwa kombo na vipimo vyake havifai, omba warudie. Mguu uwe umenyooka kadri inavyowezekana. Kama siku hizo za kwanza haunyooki kwa maumivu, piga nyingine kwenye kliniki ya wiki ya sita, na kwa kweli wakati huo kingo za mashimo huwa zimeanza kuonekana vizuri zaidi.

Omba nakala ya CD au faili, usitegemee filamu peke yake. Hii ni haki yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Omba pia karatasi ya operesheni, ile daktari anaandika alichofanya: grafti gani, kipenyo gani, alibana kwa nini, meniskasi aliifanyaje. Siku ukienda kwa daktari mwengine hiyo karatasi ina thamani kuliko maelezo yako yote ya mdomo. Na ukivuka feri ya Likoni na magongo, ule mteremko ukiwa na watu wanakimbilia kuingia, bahasha mpe mwenzako ashike, wewe shika magongo.

Hatua ya 6: isome eksirei yako

Ifungue kwa kompyuta au ipige picha kwa simu filamu ikiwa kwenye dirisha lenye mwangaza, simu ikiwa sambamba na filamu, usiipige kwa pembe. Unahitaji rula na karatasi nyembamba unayoona kupitia. Hatupimi milimita za goti, tunapima asilimia, kwa hiyo ukubwa wa picha si neno.

Anza na muundi, ni rahisi. Kwenye picha ya upande tafuta sehemu ya juu ya muundi ile iliyo tambarare. Pima kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Tuseme kwa picha yako ni sentimita 6. Sasa tafuta pale shimo linapofungukia juu, na uangalie katikati yake iko wapi ukihesabu kutoka mbele. ACL ya asili katikati yake iko kama asilimia 43, kwa hiyo kwenye sentimita 6 ni kama 2.6. Ukikuta 2.4 au 2.8 lala usingizi. Ukikuta 1.5, hiyo iko mbele, iandike.

Halafu paja. Kwenye picha hiyo hiyo ya upande kuna mstari mweupe mnene unaopita mshazari ndani ya kichwa cha paja, ndo paa la ule uwazi, madaktari wanauita mstari wa Blumensaat. Uchore kwenye karatasi yako. Kwanza urefushe kwenda chini mpaka ufike kwenye muundi: mguu ukiwa umenyooka, shimo la muundi lote linatakiwa liwe nyuma ya huo mstari. Sehemu ya shimo ikiwa mbele ya mstari, grafti inagonga paa.

Kisha rudi juu. Chora boksi juu ya kichwa cha paja, upande mmoja wa boksi ukiwa ni ule mstari wa Blumensaat kuanzia ukingo wa nyuma wa mfupa hadi wa mbele, na boksi lishuke mpaka ukingo wa chini wa kichwa. Gawanya mara nne kwa urefu na mara nne kwa kina. Hii njia ilitolewa na Bernard na Hertel mwaka 1997 na mpaka leo inatumika kila mahali. Katikati ya ACL iko kama asilimia 25 kutoka nyuma na kama asilimia 28 kutoka kwenye ule mstari, yaani kwenye kona ya ndani ya kile kijiboksi cha nyuma juu, ukishuka kidogo. Shimo likiwa kwenye nusu ya mbele ya boksi, hilo ndo lile kosa la kwanza nililoeleza. Likiwa limegandana na mstari kabisa, ndo lile la grafti kusimama wima.

Picha ya mbele inakuonyesha kama limesimama wima kwa njia nyingine. Fikiria saa ya ukutani ndani ya ule uwazi, goti la kulia shimo la paja liwe kwenye 10 hivi, la kushoto kwenye 2. Likiwa kwenye 12 au karibu yake, uliza. Saa hii ni ya kukadiria tu, goti lina kina na saa haina, madaktari wengi wameiacha, lakini kwa jicho la haraka bado inasaidia.

Vitu vya kuzingatia: grafti yenyewe huioni kwa eksirei, unaona mashimo na vyuma. Skrubu za plastiki hazionekani pia, usije ukasema wamesahau kuziweka. Na kama mashimo huyaoni vizuri usilazimishe, mpelekee mtu anayejua kusoma. Vipimo vyako ni vya kwenda kuulizia, si vya kumgombeza mtu simu saa tano usiku.

Hatua ya 7: sikiliza goti lenyewe

Picha nzuri na goti baya, au kinyume chake, yote yanatokea. Kwa hiyo pima na goti.

Kunyoosha: lala kitandani, kunja taulo liwe duara, weka kisigino juu yake, acha goti lining'inie lenyewe. Baada ya dakika kadhaa pitisha mkono chini ya goti, kisha fanya hivyo hivyo mguu mzima. Wiki ya pili au ya tatu magoti mawili yanatakiwa yawe yanakaribiana. Wiki ya sita yakiwa bado yametofautiana sana, na ukinyoosha unasikia kitu kinagota mbele ndani ya goti, rudi kwa daktari usingoje kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa shimo la muundi liko mbele, inaweza kuwa lile donge la nyama, vyote vinashughulikiwa mapema kwa urahisi kuliko baadaye.

Kukunja: wengi wiki ya sita wanafika kama digrii 120, baada ya hapo inaongezeka polepole mpaka mtu anaweza kukaa kikao cha atahiyatu au kuchutama chooni. Miezi mitatu imepita, unafanya mazoezi kila siku na goti linagota kwenye 90 au 100 pale pale kila siku, fikiria shimo la paja. Na kama mazoezi hufanyi, fikiria hilo kwanza, nasema kwa mapenzi.

Kugeuka: hii inachelewa kuonekana kwa sababu mwanzoni hugeuki. Mtu anakuja mwezi wa tano au wa sita ananambia "naruka kamba, nakimbia beach, niko sawa, lakini nikishuka matatu nikageuka ghafla linateleza." Huyo simpi mazoezi zaidi mpaka daktari amfanyie kipimo cha kuzungusha goti, pivot shift, na tuangalie picha pamoja.

Sio kila shida ni shimo. Homa, goti la moto, usaha, ni hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, vivyo hivyo. Na grafti ikiwa mahali pake kabisa bado inahitaji muda, mwili unaijenga upya, na miezi ya kwanza ni dhaifu hata kama wewe unajisikia simba. Utafiti mmoja wa Norway uliotoka 2016 uliona kila mwezi wa kusubiri, mpaka kufika miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo yule anayekwambia rudi mechi mwezi wa tano kwa sababu kuna fainali, mpende lakini usimsikilize.

Hatua ya 8: ukikuta limekaa vibaya

Kwanza tulia. Shimo kupotea kidogo na goti likiwa linanyooka, linakunjika, halichomoki, hilo ni goti zuri, liache. Hatupasui picha. Kinachokupeleka mbele ni picha mbaya pamoja na goti linalolalamika.

Rudi kwa aliyekupasua kwanza, mwoneshe vipimo kwa adabu, mpe nafasi aeleze. Wengi watazungumza nawe vizuri. Jibu likiwa "endelea na fizio" mara ya tatu bila hata kukugusa goti, tafuta daktari wa pili, hiyo si vita, ni kawaida ya matibabu. Daktari wa pili akiona kuna haja ataomba CT ya pande tatu, ndo inayoonyesha mahali pa mashimo kwa usahihi kuliko zote, na MRI kuona hali ya grafti na meniskasi.

Kurudia operesheni kunategemea shimo la zamani liko wapi. Likiwa mbali kabisa na mahali panapotakiwa, daktari anaweza kutoboa jipya siku moja na kumaliza. Likiwa limekaa nusu ndani ya mahali penyewe, au limepanuka sana, tuseme kufika milimita 14 au 15, mara nyingi inabidi kwanza lizibwe kwa mfupa, usubiri miezi kadhaa mfupa ushike, ndo grafti mpya iingie. Hizo ni operesheni mbili, magongo mara mbili, likizo ya kazi mara mbili, kwa hiyo ujipange kwa pesa na kwa mtu wa kukuangalia nyumbani kabla hujakubali tarehe.

Ukienda kwa huyo daktari wa pili beba hivi: eksirei za siku ile na za sasa, CD ya MRI ya kwanza kabla hujapasuliwa, karatasi ya operesheni, na barua ya fizio wako yenye vipimo vya kunyoosha na kukunja wiki kwa wiki. Hiyo barua mwambie fizio akuandikie, ni kazi ya nusu saa, na kama ni mimi nitakuandikia siku hiyo hiyo ukiniletea picha.